Ziba Kingo za Chipbodi Kabla Maji Hayajaingia

Leo somo letu ni la jikoni.

Nilipohamia Bukoba, mji wenye mvua nyingi, nilitengenezewa meza ya jikoni ya chipbodi, imetobolewa tundu la sinki. Fundi alipaka rangi juu tu. Pembeni na ndani ya tundu aliacha wazi. Mimi nami nikaona imependeza, nikalipa. Masika hayajaisha, kumbe meza imevimba kama andazi! Akiba ya miezi miwili ikaenda hivyo hivyo.

Kwa nini ilivimba? Chipbodi si ubao wa kupasua. Ni chembe za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kiwandani kwa joto. Juu na chini zimebanana sana, kwa hiyo maji huingia polepole. Ukikata, pembeni panabaki na matundu madogo madogo. Maji yanapita hapo, chembe zinavimba, gundi inaachia. Hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Usidanganywe na chipbodi yenye rangi ya kijani ndani. Hiyo huvumilia unyevu zaidi, lakini nayo ina mwisho.

Basi fanya hivi. Toboa na kata kila kitu kwanza, hata matundu ya bomba. Acha ubao ukauke kabisa ndani ya nyumba, usiulaze juu ya sakafu ya saruji. Piga msasa kingo, ukijifunga kitambaa puani, maana vumbi lake ni baya. Chukua vanishi ya mafuta vikombe vinne, changanya na tapentaini kikombe kimoja, paka kingo. Utaona zinavyoinywa! Zikikauka, piga msasa kidogo, kisha paka vanishi isiyochanganywa mara mbili au tatu. Usisahau upande wa chini. Mvuke wa sufuria na majimaji ya sinki hupitia huko, na mafundi wengi hawapagusi kwa sababu hapaonekani.

Ukingo wa mbele hugongwa kila siku, kwa hiyo bandika upapi wa mbao ngumu iliyokauka. Gundi ile ya mafundi viatu inafaa: paka pande zote mbili, ngoja isinate vidoleni, ndipo ubane kwa nguvu. Jamani, gundi hiyo, vanishi na tapentaini hushika moto upesi. Zima jiko, fungua madirisha. Mwisho paka vanishi juu ya upapi, na panapokutana meza na ukuta jaza silikoni.

Zoezi: Meza ina urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 60. Tundu la sinki ni sentimita 50 kwa 40. Kingo zote za kuziba zina urefu gani? Ukipata mita 4 na sentimita 80 umesahau tundu, kama fundi wangu. Jibu ni mita 6 na sentimita 60.