SOMO LA BIASHARA: Mali bila daftari hupotea bila habari

Vikundi vinavyoomba mkopo wa halmashauri hutakiwa kuwa na andiko la mradi. Mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini hurejeshwa. Na rejesho hutoka katika faida, si katika mauzo.

Tuchukue mfano. Muuza khanga wa Kariakoo hununua doti 100 kwa shilingi 9,000 kila moja, akaziuza zote kwa mwezi kwa shilingi 12,000. Amepata 1,200,000, mzigo ulimgharimu 900,000. Ile 300,000 iliyobaki wengi huiita faida. Sivyo. Ondoa pango 120,000, usafiri na wapagazi 40,000, ulinzi na usafi 20,000. Faida halisi ni 120,000. Iwapo rejesho ni 150,000 kwa mwezi, 30,000 itachotwa kwenye mtaji, kabla hata hajanunua unga wa nyumbani.

Mpango wa biashara ndogo unaweza kuenea katika ukurasa mmoja, ukijibu maswali manne:

1. Mteja wangu ni nani? Mahali ambapo mtaa mzima huuza bidhaa ya aina moja, eleza kwa nini mteja aje kwako.

2. Mwezi mbaya nitauza kiasi gani? Usipange rejesho kwa mauzo ya msimu wa Iddi au Krismasi. Pima kwa mwezi mkavu.

3. Mimi mwenyewe nachukua kiasi gani? Jipangie posho maalumu. Fedha ya duka isiwe mfuko wa nyumbani.

4. Likitokea janga, nitaanzia wapi? Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo. Ambaye mzigo, fedha na daftari lake vyote vimo ndani ya kizimba kimoja, hubaki hana hata kithibitisho cha alichokuwa nacho. Weka nakala ya hesabu nyumbani, peleka fedha benki, na uliza gharama ya bima.

Anza leo kwa kuandika kila kinachoingia na kinachotoka. Baada ya miezi mitatu, daftari hilo litakuonesha kiasi cha mkopo unachokimudu. Kwa ushauri kuhusu andiko na taratibu za mikopo, muone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.