Fahamu Sheria: Kushtakiwa si kupatikana na hatia

Mshtakiwa wa mauaji akiachiliwa, wengi hudai korti imenunuliwa. Lakini Kifungu cha 50 cha Katiba humhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine, na jukumu la kuthibitisha ni la upande wa mashtaka.

Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi. Mteja huyo, mwendeshaji bodaboda, alipigwa risasi na polisi, akalalamika kwa mamlaka ya IPOA, kisha akashtakiwa yeye. Julai 2022, Mahakama Kuu iliwapata watu wanne na hatia, watatu wakiwa polisi. Afisa mmoja aliachiliwa kwa kuwa mashtaka dhidi yake hayakuthibitishwa. Korti ni ile ile, kipimo ni kile kile.

Mkazi wa Sangailu akikamatwa, ana haki ya:
• kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa;
• kunyamaza na kuwasiliana na wakili;
• kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata;
• kupata mkalimani bila malipo wakati wa kesi.

Ukisingiziwa au kudhulumiwa na polisi, ripoti kwa IPOA. Ukiwa na ushahidi wa mauaji, jitokeze uandikishe taarifa: uvumi wa sokoni haukubaliki kortini.