Usisubiri Nakala za Hukumu

Mdogo wangu uliyeshindwa kesi ya kiwanja Mahakama Kuu, ukasema unangoja kwanza nakala za hukumu ndipo ukate rufaa, nakuomba uache kungoja leo hii. Siku zako zinakwenda.

Kwa mashauri ya madai, Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za mwaka 2009 zinakupa siku 30 tangu hukumu isomwe uwe umewasilisha taarifa ya rufaa, na mwenzako apate nakala ndani ya siku 14. Kisha una siku 60 za kufungua rufaa yenyewe, ikiwa na sababu zako na kumbukumbu kamili za kesi. Sasa utazitoa wapi kumbukumbu kama mahakama haijakuchapia mwenendo? Hapo ndipo watu wanapoumia. Kanuni ya 90 inakubali siku za kungojea mwenendo zisihesabiwe, mradi uliuomba kwa barua ndani ya siku 30 za hukumu, na nakala ya barua hiyo ukampelekea mjibu rufaa. Kumwomba karani kwa mdomo, hata akikuitikia vizuri namna gani, hakukusaidii. Msajili naye akikupa cheti cha siku hizo, kisome pale pale. Tarehe ikikosewa, omba irekebishwe.

Ukikosea hapo, rufaa inafutwa majaji wakiwa hawajagusa hoja yako hata moja. Inaniuma sana, maana mwenye hoja nzito na asiye na hoja wanarudishwa sawasawa, na mara nyingi na gharama juu. Ni kweli unaweza kuomba kuongezewa muda kwa Kanuni ya 10, lakini utaeleza kila siku uliyochelewa, na kusema wakili alizembea kwa kawaida hakukubaliki. Huku nyuma mshindi anaweza kukazia hukumu, kwa sababu taarifa ya rufaa peke yake haimzuii dalali wa mahakama.

Kama una wakili, muulize kwa heshima, ila usitoke ofisini kwake hujaona taarifa iliyogongwa muhuri wa mahakama na barua ya maombi yenye saini ya upande wa pili kwamba wameipokea. Zipige picha zote mbili. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitungwa kwa ajili ya watu kama wewe. Waulizie wasaidizi wa kisheria wilayani kwako, wiki hii.