Tusimlaumu Asiye na Kazi Kabla ya Kumuuliza

Ndugu Waislamu, kijana akikaa barazani bila ya kazi, sisi huharakia kumwita mvivu. Kwanza na tujue kilichomzuia.

Vizuizi vikubwa ni vitatu. Cha kwanza ni karatasi: asiye na kitambulisho hapati cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na waajiri wengi hawamwandiki asiyekuwa nacho. Cha pili ni ujuzi: chuo cha MIOME, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kiliasisiwa ili Waislamu wapate ufundi; je, tumewasomesha wangapi? Cha tatu ni ubaguzi: Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa dini au vazi lake, basi haki hiyo na idaiwe.

Kila ugonjwa una dawa yake. Mwenye kumfuatana kijana hadi ofisi ya vitambulisho amemfaa kuliko mwenye kumkemea mwaka mzima.