Kubadilishana Viti Ndani ya Ndege: Somo la Momenti na Usalama

Ndege imejaa, milango inakaribia kufungwa, na mama mmoja anagundua kwamba kiti chake kipo safu ya nne ilhali mwanawe wa miaka sita amepangiwa safu ya kumi na nane. Anamwendea abiria aliyeketi kando ya mtoto na kumwomba wabadilishane viti. Abiria huyo anasitasita, kwa maana alilipa nyongeza ili akipate kiti hicho cha dirishani. Mara mhudumu anafika na kuwaomba wote wawili waketi kwanza mahali walipopangiwa.

Mambo ya namna hii yameongezeka tangu mashirika mengi ya ndege yalipoanza kutoza fedha kwa ajili ya kuchagua kiti. Wasafiri wengi huyaona kuwa ni suala la adabu tu: nani mkarimu na nani mchoyo. Adabu imo, lakini ndani yake kuna pia fizikia ya kidato cha pili, na mara nyingine kuna uhai wa watu. Makala haya yanaeleza kwa nini kiti ndani ya ndege si sawa na kiti ndani ya basi, na jinsi ombi la kubadilishana viti linavyopaswa kufanywa na kujibiwa.

Chombo na mizani yake

Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani kabla ya ndege kubuniwa. Nahodha wa mashua huwaelekeza abiria mahali pa kuketi. Huyu hupelekwa omoni, yule tezini, na upepo unapokaza mabaharia hukaa upande wa joshini ili chombo kisilale. Hakuna abiria anayesimama na kuhamia upande mwingine kwa kupenda kwake, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba mwili wake ni sehemu ya shehena.

Ndege nayo ni chombo kilichotundikwa katika mizani. Kila ndege ina kitovu cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wake wote waweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika. Mabawa huleta kani mwinuo inayoibeba ndege, nao mkia husukuma juu au chini kidogo ili kuleta msawazo. Ili mpango huo ufanye kazi, kitovu cha uzito hakina budi kubaki kati ya mipaka miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, iliyowekwa na watengenezaji wa ndege hiyo.

Kitovu kikivuka mpaka wa mbele, pua ya ndege huwa nzito. Rubani hupata taabu kuinyanyua wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Kikivuka mpaka wa nyuma, hatari huwa kubwa zaidi. Mshale huruka vema kwa sababu ncha yake ni nzito na manyoya yako nyuma. Ukihamishia uzito nyuma, mshale hupepesuka. Vivyo hivyo ndege yenye mkia mzito huelekea kuinua pua, mwendo hupungua, hewa huacha kutiririka vizuri juu ya mabawa, na kani mwinuo hupotea ghafla.

Hesabu ya kubadilishana

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za wenzo anajua kwamba momenti ni zao la kani na umbali wake kutoka kwenye egemeo. Kwa kuwa mvutano wa dunia ni ule ule kwa abiria wote, hesabu yaweza kufanywa kwa kutumia tungamo badala ya uzito. Kizio chake basi kitakuwa kilogramu-mita. Kanuni ni hii: badiliko la momenti likigawanywa kwa tungamo ya ndege yote, jawabu ni umbali ambao kitovu cha uzito kimesogea.

Ichukuliwe ndege ndogo ya mfano yenye tungamo ya kilogramu 3,600 pamoja na abiria, mizigo na mafuta. Nafasi iliyoruhusiwa baina ya mpaka wa mbele na wa nyuma iwe sentimita 13. Safu ya kwanza na safu ya tano zitenganishwe na mita 3.2. Abiria wa kilogramu 90 aliye safu ya kwanza anabadilishana na abiria wa kilogramu 50 aliye safu ya tano.

Tofauti ya tungamo zao ni kilogramu 40.
Badiliko la momenti ni 40 × 3.2 = 128 kilogramu-mita.
Kitovu kimesogea nyuma kwa 128 ÷ 3,600 = mita 0.036, yaani sentimita 3.6.

Watu wawili tu, kwa ombi moja la heshima, wamekwisha kula zaidi ya robo ya nafasi yote iliyoruhusiwa. Lau abiria hao wangekuwa na tungamo sawa, badiliko lingekuwa sifuri.

Hebu sasa liangaliwe jambo la pili, ambalo wengi hulidhania kuwa dogo zaidi. Abiria yule wa kilogramu 90 habadilishani na mtu, bali anahamia kwenye kiti kitupu cha safu ya tano ili anyooshe miguu. Hakuna anayerudi mbele kufidia uzito wake. Badiliko la momenti sasa ni 90 × 3.2 = 288, na kitovu kinasogea sentimita 8. Hiyo ni zaidi ya nusu ya nafasi iliyopo. Kumbe kuhamia kiti kitupu, jambo ambalo halimsumbui jirani hata mmoja, laweza kuisumbua ndege kuliko kubadilishana.

Ndege kubwa na ndege ndogo

Katika ndege ya tungamo ya kilogramu 70,000, watu wale wale wa kwanza wakibadilishana viti vilivyo mita 20 mbali, badiliko la momenti ni kilogramu-mita 800, na kitovu husogea sentimita 1.1 tu. Nafasi iliyoruhusiwa katika ndege ya ukubwa huo ni kubwa mara kadhaa kuliko ile ya ndege ndogo. Kwa hiyo abiria wawili hawawezi kuiangusha.

Lakini haba na haba hujaza kibaba. Wanafunzi 40 wanaosafiri pamoja, wenye wastani wa kilogramu 60 kila mmoja, wakiamua kuhamia viti vitupu vilivyo mita 15 nyuma yao ili wakae pamoja, badiliko ni 40 × 60 × 15, yaani kilogramu-mita 36,000. Kitovu kitasogea sentimita 51. Hiyo ndiyo sababu wahudumu wa ndege isiyojaa huwaambia abiria wabaki mahali pao mpaka ndege iwe imekwisha kupanda. Hati ya shehena anayoitumia rubani imehesabiwa kwa kufuata sehemu za ndege ambamo abiria wameketi, na kwa hati hiyo mkia hutegwa kabla ya kuruka.

Wanaosafiri kwa ndege ndogo, kwa mfano kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja au kutoka Nairobi kwenda mbugani, pengine wameona abiria wakipimwa uzito pamoja na mizigo yao, kisha rubani mwenyewe akiwaonyesha viti. Huko si kudhalilisha mtu. Rubani anafanya ile ile kazi ya nahodha.

Mafunzo ya matukio mawili

Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya aina ya Beechcraft 1900D iliruka kutoka Charlotte, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani. Mara tu ilipoacha ardhi pua yake iliinuka kupita kiasi, nayo ikaanguka. Watu wote 21 waliokuwamo walikufa. Uchunguzi ulionyesha sababu zilizoshikana. Nyaya za kuongozea mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya wakati wa matengenezo, hata rubani hakuweza kuishusha pua kikamilifu. Tena kitovu cha uzito kilikuwa nyuma mno ya mpaka. Hati ya shehena ilionyesha kwamba mambo ni sawa, kwa kuwa ilitumia wastani wa uzito wa abiria uliokuwa mdogo kuliko uzito wao halisi. Baada ya ajali hiyo abiria walipimwa upya na viwango vya wastani vikaongezwa.

Tukio la pili halikumdhuru mtu, lakini linafundisha. Mwezi wa Julai 2020, ndege ya Boeing 737 iliruka kutoka Birmingham, Uingereza, kwenda Palma. Programu ya kompyuta iliyokuwa imefanyiwa mabadiliko iliwahesabu wanawake 38 walioandikishwa kwa jina la heshima la «Miss» kuwa ni watoto. Kila mmoja akakadiriwa kilogramu 35 badala ya 69. Ndege ikaondoka ikiwa nzito kwa zaidi ya kilogramu 1,200 kuliko ilivyoandikwa. Neno moja lililofahamika vibaya lilikuwa sawa na kupakia gari dogo bila rubani kujua.

Viti visivyobadilishwa ovyo

Uzito si sababu pekee. Zipo nyingine tatu.

Kwanza, viti vya kando ya milango ya dharura. Ndege kubwa za abiria hazipati kibali mpaka ithibitishwe kwamba watu wote waweza kutoka katika muda wa sekunde 90, kwa kutumia nusu tu ya milango. Anayeketi hapo lazima awe na nguvu za kufungua mlango na aelewe maagizo. Kwa kanuni za Marekani awe pia na umri usiopungua miaka 15. Mtu akimpa kiti hicho bibi mgonjwa au mtoto, ametoa zawadi isiyo yake.

Pili, vinyago vya oksijeni. Idadi yake huzidi ya viti, lakini kwa kiasi kidogo tu, na ziada hiyo haipatikani sawasawa kila mahali. Wazazi wawili wenye watoto wachanga mapajani wakibanana upande mmoja wa safu moja, huenda pumzi moja ikakosa kinyago.

Tatu, magonjwa. Abiria akigunduliwa baadaye kuwa na kifua kikuu cha kuambukiza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa safari za saa nane au zaidi ni kuwatafuta walioketi safu yake, safu mbili za mbele na mbili za nyuma. Namba ya kiti ndiyo anwani yao. Aliyehama bila kumwarifu mhudumu amejifuta katika orodha ya watakaotafutwa.

Namna ya kuomba na kujibu

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, taratibu zifuatazo zinafaa.

1. Ombi lianzie mezani, wakati wa kukabidhi mizigo, au mapema zaidi. Hapo hati ya shehena bado yaweza kurekebishwa, na mzazi aliyetenganishwa na mtoto husaidiwa kwa urahisi.
2. Ikiwa mtu tayari yumo ndani, amwombe mhudumu kwanza. Asikalie kiti cha mwenzake kisha ndipo aombe, kwa maana huko ni kumlazimisha.
3. Anayeomba atoe kiti kilicho sawa au bora kuliko anachokitaka. Kumwomba mtu aache dirisha ili abanwe katikati ya safu ya mwisho ni kuomba sadaka, si mabadilishano.
4. Sababu itajwe kwa ufupi na kwa heshima: «Shikamoo, mzee. Samahani, nimetenganishwa na mwanangu. Kiti changu ni cha dirishani kama hiki, safu mbili mbele. Je, utaniwia radhi tukibadilishana?»
5. Anayeombwa ana haki ya kukataa, wala hadaiwi maelezo. «Marahaba, mwanangu. Nisamehe, miguu yangu haikunjiki, ndiyo maana nimechagua hapa» ni jibu kamili. Anayekataliwa ashukuru na kumgeukia mhudumu.
6. Wakikubaliana, wasihame mpaka mhudumu aridhie. Katika ndege ndogo, rubani ndiye mwenye neno la mwisho.

Yule mama wa safu ya nne ana haki ya kusaidiwa, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hawezi kujivalisha kinyago peke yake katika dharura. Mhudumu aliyewaomba waketi kwanza hakumnyima msaada huo. Alitaka kuhakikisha kwamba msaada wa mmoja hauwi hasara ya wote.

Jaribio la darasani

Vifaa: rula ya mita yenye tungamo ya gramu 100, uzi, mizani, na vifuko viwili vilivyojazwa mchanga, A kiwe na gramu 90 na B gramu 50.

Funga A kwenye alama ya sentimita 20 na B kwenye alama ya 80. Tafuta kwa uzi mahali ambapo rula yaninginia sawasawa. Kwa hesabu ni (100 × 50 + 90 × 20 + 50 × 80) ÷ 240, yaani sentimita 45. Kisha badilisha mahali pa vifuko. Rula sasa itasawazika kwenye alama ya 55. Uzi usipohamishwa, rula itainama upande mmoja, na darasa zima litaona kile ambacho rubani hukihisi mikononi mwake.

Maswali

1. Katika jaribio, hamisha A peke yake kutoka alama ya 20 hadi ya 80, B kikibaki mahali pake. Rula itasawazika wapi?
2. Ndege ya kilogramu 3,600 iliyoelezwa hapo juu imebakiwa na sentimita 2 kufikia mpaka wa nyuma. Je, abiria wa kilogramu 70 aliye safu ya kwanza aruhusiwe kubadilishana na wa kilogramu 55 aliye safu ya tano?
3. Kwa nini ndege mbili zenye uzito ule ule zaweza kuwa moja salama na nyingine ya hatari?