Kuchagua Masomo ya Darasa la Tisa: Mfano wa California

Katika shule za umma za Marekani, sekondari ya juu kwa kawaida huanza darasa la tisa, mwanafunzi akiwa na umri wa miaka 14 hivi, nayo huchukua miaka minne. Mwalimu wa Afrika Mashariki akiingia katika shule ya namna hiyo, jambo la kwanza litakalomshangaza ni kwamba hakuna kidato kinachokaa pamoja kutwa nzima. Wanafunzi wawili walioketi dawati moja katika kipindi cha kwanza huenda wasikutane tena mpaka saa ya chakula: mmoja yuko katika jiometria, mwenzake yuko katika aljebra, mmoja anasoma Kihispania, mwenzake anajifunza useremala. Kila mwanafunzi hujijengea ratiba yake. Fomu ya kuchagua masomo mara nyingi huijaza angali darasa la nane, miezi kadhaa kabla hajaingia shule yenyewe.

Fomu hiyo ni ukurasa mmoja tu. Hata hivyo, alama chache za kalamu zilizotiwa humo zaweza kuamua kama kijana huyo, miaka minne baadaye, ataruhusiwa kuomba nafasi katika chuo kikuu cha jimbo lake. Ndiyo sababu jambo hili lafaa kutazamwa kwa makini, tena kwa hesabu.

Vipimo vilikotoka

Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo huweka masharti yake, na wilaya za elimu huongeza yao juu ya hayo. Hata hivyo, shule za pande zote za nchi zinafanana sana, na kufanana huku kuna historia. Mwaka 1892 chama cha taifa cha waelimishaji kiliunda Kamati ya Watu Kumi chini ya Charles W. Eliot, mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard, ili ipendekeze yapasayo kufundishwa katika sekondari. Kisha, mwaka 1906, Taasisi ya Carnegie ilitoa maana ya kipimo ambacho bado kinatumika: somo lililofundishwa kwa muda wa saa 120 hivi katika mwaka ni kipimo kimoja. Inafaa kukumbuka kwamba taasisi hiyo ilikuwa ikishughulikia pensheni za maprofesa. Ilitaka kujua ni vyuo vipi hasa vinavyostahili kuitwa vyuo, ikaamua kwamba chuo cha kweli hudai vipimo 14 vya sekondari kwa anayeingia. Hivyo ratiba ya kijana wa miaka 14 leo inafuata kanuni iliyotungwa kwa ajili ya wazee waliokuwa wakistaafu.

Baada ya Urusi ya Kisovieti kurusha Sputnik, Oktoba 1957, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mwaka 1958 iliyotoa fedha kwa ajili ya sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Sheria hiyo ilitoa fedha pia kwa washauri wa wanafunzi, yaani wale wanaopitia fomu za uchaguzi wa masomo. Mwaka 1983 ripoti ya tume ya taifa ilipendekeza kila mwanafunzi asome Kiingereza miaka 4, hisabati 3, sayansi 3, elimu ya jamii 3 na kompyuta nusu mwaka. Majimbo mengi yalipandisha masharti yao baada ya hapo.

Milango miwili

California inafaa kuwa mfano kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi, na kwa sababu yana mtego.

Mlango wa kwanza ni ule wa kumaliza shule. Kiwango cha chini cha jimbo ni masomo 13 ya mwaka mzima: Kiingereza 3, hisabati 2 (mojawapo ikiwa aljebra ya kwanza), sayansi 2, elimu ya jamii 3, mazoezi ya viungo 2, na 1 ambalo laweza kuwa sanaa, lugha ya kigeni au ufundi.

Mlango wa pili ni ule wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo, navyo hudai masomo 15: elimu ya jamii 2, Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi yenye maabara 2, lugha isiyo Kiingereza 2, sanaa 1, na somo la hiari la kiwango cha chuo 1. Vyuo hivyo hushauri kwamba hisabati ifikie miaka 4, na sayansi na lugha miaka 3 kila moja.

Ukilinganisha orodha hizi mbili utaona kwamba mwanafunzi anaweza kupita mlango wa kwanza bila kasoro na bado akaukuta wa pili umefungwa. Hisabati miaka miwili yatosha kwa hati ya shule lakini haitoshi kwa chuo. Tena kuna tofauti ya alama: shule huhesabu D kuwa kufaulu, ilhali vyuo hudai C au zaidi. Katika hisabati na lugha, C katika hatua ya juu yaweza kufidia D ya hatua ya chini. Katika Kiingereza au historia hakuna ngazi ya namna hiyo. Kijana aliyepata D katika historia hupewa hati yake kwa makofi kama wenzake, na huenda asitambue kilichompotea mpaka ajaze fomu ya chuo.

Hesabu ya nafasi

Chukua shule yenye vipindi sita kwa siku. Kwa miaka minne mwanafunzi ana nafasi 6 × 4 = 24. Toa masomo 15 ya mlango wa pili na 2 ya mazoezi ya viungo. Mwaka wa tatu wa elimu ya jamii, ambao ndani yake mna uchumi, mara nyingi huhesabiwa kuwa ndilo somo la hiari, kwa hiyo hauongezi kitu. Zinabaki nafasi 24 − 17 = 7. Katika hizo saba ndimo yaingie masharti ya wilaya, mwaka wa ziada wa hisabati na wa sayansi, muziki, ufundi, na marudio ya somo lililoanguka.

Saba si haba. Lakini nafasi hazilingani, kwa kuwa masomo mengine yamefungamana kama pete za mnyororo. Mpangilio wa kawaida wa hisabati ni huu: aljebra ya kwanza, jiometria, aljebra ya pili, maandalizi ya kalkulasi, kalkulasi. Pete ni tano na miaka ni minne. Basi anayeanza aljebra ya kwanza katika darasa la tisa, akisoma moja kila mwaka, atafikia maandalizi ya kalkulasi katika darasa la kumi na mbili na kuishia hapo. Anayetaka kusomea uhandisi na kufika chuoni akiwa amekwisha kuonja kalkulasi hana budi ama awe ameanza darasa la nane, ama afupishe mnyororo mahali fulani.

Unaweza kufupishwa wapi? Hapa ndipo ilipo faida ya kutazama mambo kimantiki. Maandalizi ya kalkulasi hayawezekani bila aljebra ya pili, wala aljebra ya pili bila ya kwanza. Lakini aljebra ya pili haitegemei jiometria kwa kiasi kikubwa. Zimefuatana zaidi kwa desturi. Kwa hiyo shule nyingi humruhusu mwanafunzi mwenye bidii azisome zote mbili katika darasa la kumi, akitumia nafasi moja kati ya zile saba. Njia nyingine ni kusoma jiometria wakati wa likizo ndefu.

Ni lini aljebra ianze?

Swali hili limezigombanisha wilaya kubwa kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 1997 Chicago iliamuru kila mwanafunzi wa darasa la tisa asome aljebra au zaidi. Madarasa ya hesabu za kurudia yakafutwa. Watafiti walipofuatilia matokeo walikuta kwamba waliosoma aljebra waliongezeka, lakini walioanguka nao waliongezeka, na alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2003 wilaya hiyo ikawapa wanafunzi waliokuwa chini ya wastani vipindi viwili vya aljebra kila siku badala ya kimoja. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba waliopata vipindi viwili walimaliza shule na kuingia chuo kwa wingi zaidi. Kumweka mtoto katika somo ni jambo moja. Kumpa muda wa kulielewa ni jambo jingine, nalo hugharimu nafasi ya somo jingine.

San Francisco ilikwenda upande wa pili. Mwaka 2014 iliahirisha aljebra mpaka darasa la tisa kwa wanafunzi wote, ikitumaini kupunguza tofauti baina yao. Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wao wamefungiwa njia ya kalkulasi, na Februari 2024 halmashauri ya elimu ikaamua kuirudisha aljebra darasa la nane.

Chicago imetoa pia ushahidi juu ya uzito wa mwaka wa kwanza wenyewe. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2005, mwanafunzi alihesabiwa kuwa yuko njiani ikiwa darasa la tisa lilimalizika akiwa amefaulu angalau masomo matano ya mwaka mzima, na hakuanguka zaidi ya muhula mmoja katika somo la msingi. Waliokuwa njiani, asilimia 81 walimaliza shule kwa miaka minne. Waliokuwa nje ya njia, asilimia 22.

Sayansi ipi kwanza?

Kwa desturi shule za Marekani hufundisha baiolojia, kisha kemia, kisha fizikia. Leon Lederman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1988, alitetea kwa miaka mingi mpango uligeuzwe: baiolojia ya leo husimama juu ya kemia, na kemia juu ya fizikia ya atomu. Wanaopinga hujibu kwamba fizikia hudai hisabati ambayo mtoto wa darasa la tisa hajaifikia. Jibu hilo lina nguvu kiasi tu. Mwendo, nguvu na umeme wa waya rahisi hudai uwiano na mlinganyo wa daraja la kwanza, yaani aljebra anayoisoma mwaka huohuo.

Mwanafunzi mgeni

Miji mingi ya Marekani imepokea familia za wakimbizi kutoka Kongo zinazosema Kiswahili, na watoto wao huingia darasa la tisa wakiwa bado wanajifunza Kiingereza. Katika kesi ya Lau, iliyotokea San Francisco, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1974 kwamba shule haziwezi kuwaacha watoto wa namna hiyo bila msaada. Lakini msaada huchukua vipindi. Kipindi kimoja cha ziada kwa miaka miwili hupunguza zile nafasi saba kuwa tano. Kwa upande mwingine, vyuo vya California vyaweza kukubali ujuzi wa lugha ya nyumbani mahali pa masomo 2 ya lugha, na hapo nafasi tano hurudi kuwa saba. Mshauri anayehudumia mamia ya wanafunzi huenda asikumbuke kulitaja. Mzazi na aulize.

Zoezi

Mwanafunzi ana vipindi sita kwa siku. Anaanza aljebra ya kwanza katika darasa la tisa, anaanguka muhula wa pili, na hakuna masomo ya likizo. Je, anaweza kufikia maandalizi ya kalkulasi katika darasa la kumi na mbili?

Jibu: Anaweza. Darasa la kumi arudie aljebra ya kwanza pamoja na jiometria, la kumi na moja aljebra ya pili, la kumi na mbili maandalizi ya kalkulasi. Marudio hayo yatakuwa yamechukua nafasi moja kati ya saba.