Kisomo Hudumu kwa Kutumiwa

Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yalienea vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Wengi walifuzu. Hata hivyo, wapo waliokosa cha kusoma baada ya hapo, wakasahau walichojifunza. Kisomo ni kama jembe: lisipotumika hushika kutu.

Kwa sababu hiyo, mtu mzima anayeanza upya halazimiki kurudi kwenye kitabu cha mtoto. Aanze na karatasi zinazopita mikononi mwake.

Kwanza, bahasha ya dawa. Maandishi "1 x 3" maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Si vidonge vitatu kwa mara moja. Kosa hilo laweza kumdhuru mgonjwa.

Pili, stakabadhi ya mazao. Msomaji atafute mambo matatu: uzito, bei ya kilo na makato. Kwa mfano, kilo 120 kwa shilingi 1,000 kila moja ni shilingi 120,000. Makato yakiwa shilingi 6,000, mkulima anastahili shilingi 114,000. Zikipungua, aulize papo hapo, kabla ya kuondoka mizani.

Tatu, mkataba wa mkopo. Alama ya dole gumba humfunga mtu kama saini. Kabla ya kuiweka, ajue kiasi anachokopa, riba, tarehe ya mwisho ya marejesho na mali iliyowekwa dhamana. Asiyeweza kusoma bado asomewe na mtu anayemwamini, asiye upande wa mkopeshaji.

Robo saa kila jioni yatosha kwa mazoezi haya. Mtoto wa shule aweza kumsaidia mzazi wake nyumbani, mradi asimcheke. Naye mzazi asione haya, kwani kuuliza si ujinga.

Mkazi anayehitaji darasa amwone Afisa Elimu Kata au mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Aende na karatasi inayomsumbua. Hiyo ndiyo iwe somo lake la kwanza.